Njia ya Baiskeli Juu ya Vilima vya Chaki

Kusini mwa nchi ya Uingereza, karibu na bahari, iko safu ya vilima iitwayo South Downs. Vilima hivi si virefu. Kilicho kirefu kupita vyote katika safu hiyo ya chaki, Butser Hill, hakifiki futi 900 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo huvuta watu wengi, kwa sababu juu ya mgongo wake hupita njia ya maili 100, toka mji wa Winchester upande wa magharibi hata Eastbourne upande wa mashariki. Mtu mwenye baiskeli aweza kwenda siku nzima juu ya njia hiyo bila kusumbuliwa na motokaa, isipokuwa pale inapokata barabara kuu, au inapofuata kwa kitambo kidogo barabara nyembamba ya kijiji.

Chaki ni jiwe jeupe na laini. Imefanyika kwa maganda ya viumbe vidogo mno vya baharini, vilivyokufa na kurundikana chini ya maji zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Jiwe hili hunywa maji ya mvua upesi, na kwa hiyo juu ya vilima hakuna vijito. Maji hutokea chini, mahali chaki inapokutana na udongo mzito, na ndiyo maana vijiji vingi vimejipanga mstari mmoja chini ya vilima, kila kimoja karibu na chemchemi yake. Wachungaji wa zamani walichimba vidimbwi juu vilimani na kuvitandika udongo wa mfinyanzi ili vizuie maji ya mvua kwa ajili ya kondoo. Baadhi ya vidimbwi hivyo vipo hata leo. Kwa msafiri yamewekwa mabomba machache ya maji ya kunywa, lakini mwenye busara hujaza chupa zake kabla ya kupanda.

Njia yenyewe ni ya kale. Watu wa zamani walipita juu kwa kuwa chini palikuwa na misitu na matope, na huku juu miguu yao ilikanyaga pakavu. Serikali iliifungua rasmi mwaka 1972 kuwa njia ya taifa ya waenda kwa miguu, wapanda farasi na wapanda baiskeli, na baadaye ikarefushwa hata Winchester. Haki ya wapanda baiskeli ilitokana na sheria ya mwaka 1968, iliyowaruhusu kutumia njia zote za farasi. Lakini sheria hiyo iliwapa na wajibu: mwenye baiskeli lazima ampishe aendaye kwa miguu na aliyepanda farasi. Basi asikiaye kwato za farasi mbele yake hupunguza mwendo, huita kwa upole, na hungoja mpaka farasi apite. Mwenda pole hajikwai, wala hajikwazi na wenzake.

Safari huanza Winchester, mji uliokuwa makao ya wafalme wa kale wa Wessex, wenye kanisa kubwa ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1079. Toka hapo njia hupanda na kushuka katika mashamba ya ngano na shayiri. Kila mto unaokata safu ya vilima humlazimisha msafiri kushuka mpaka chini, kisha kupanda tena: mto Arun karibu na Amberley, mto Adur, mto Ouse huko Southease, na mto Cuckmere huko Alfriston. Ukijumlisha milima yote ya njia hii, msafiri hupanda zaidi ya futi 12,000 kabla ya kufika mwisho. Vijana wenye nguvu humaliza kwa siku moja au mbili. Wenye kutaka kuona nchi huchukua siku tatu au nne, wakilala vijijini.

Katikati ya safari iko Chanctonbury Ring, boma la watu wa kale lililozungushiwa miti mwaka 1760. Tufani kubwa ya Oktoba 1987 iliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na mingine ikapandwa. Mbele zaidi ni Ditchling Beacon, kilima cha futi 814, ambapo kwa upande mmoja huonekana bahari, na kwa upande wa pili mashamba na misitu mpaka upeo wa macho. Baada ya Alfriston njia hugawanyika. Ile ipitayo juu ya majabali meupe ya pwani ni ya waenda kwa miguu tu. Mwenye baiskeli hupita barani, kwa kijiji cha Jevington, kisha huteremka Eastbourne.

Asiyeweza milima naye hakusahauliwa. Reli zilizofungwa mwaka 1965 na 1966 zilifanywa kuwa njia iitwayo Downs Link, yenye maili 37, toka karibu na Guildford hata Shoreham pwani. Kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya gari moshi, sehemu kubwa yake ni tambarare, na hata mzee au mtoto aweza kuifuata.

Hatari za vilimani ni mbili. Ya kwanza ni gumegume, jiwe gumu lililomo ndani ya chaki, ambalo ncha zake hukata mipira ya magurudumu kama kisu. Kwa hiyo kila mtu huchukua pampu na viraka. Ya pili ni chaki yenyewe ikilowa maji: huteleza kama sabuni, na breki hazisaidii sana kwenye mteremko.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba njia hii hupita katika mashamba ya watu. Zamani vilima hivi vilikuwa malisho ya kondoo, na hapo ndipo John Ellman wa Glynde, aliyefariki mwaka 1832, alipostawisha aina ya kondoo iitwayo Southdown. Mchana kondoo walikula nyasi za vilimani, na usiku walifungwa katika mazizi ya kuhamishwa juu ya mashamba, ili samadi yao itie nguvu udongo mwembamba. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945 chakula kilikuwa haba, na majani mengi ya kale yalilimwa. Kulima kuliendelea baada ya vita, hata kwenye miteremko. Mvua za Oktoba 1987 zilipokuta ardhi iko wazi, tope liliteremka na kuingia katika nyumba za watu huko Rottingdean. Mkulima ye yote aliyeona udongo wake ukichukuliwa na maji atafahamu hasara hiyo.

Leo nchi hiyo ni hifadhi ya taifa, tangu mwaka 2010, lakini mashamba yangali mali ya wenyewe. Mwenye shamba aweza kulima njia ya farasi ikatayo katikati ya shamba kama hawezi kuikwepa kwa urahisi, lakini kwa sheria ya mwaka 1990 lazima aitengeneze tena kabla ya siku 14 kupita. Naye msafiri hufunga kila lango alilolikuta limefungwa, hushika njia yake bila kukanyaga mazao, na mbwa wake hamwachi karibu na kondoo. Mmoja hutoa nafasi ya kupita, na mwingine hutoa heshima. Upande wo wote ukiacha sehemu yake, hakuna sheria itakayotosha kuiweka njia wazi.