Boneti ya Kaka

Marehemu kaka aliniachia vitu viwili: deni la hospitali na boneti ya kaboni ya Subaru yake. Nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni: imetumika, bei maelewano.

Kijana wa Nakuru akauliza, "Bosi, ni kaboni kweli ama ni stika? Imewahi kugongwa?" La kwanza nikajibu upesi. La pili nikanyamaza. Kaboni haibonyei kama bati. Ikizidiwa hupasuka, na chini, karibu na loki, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwa picha hauonekani. Barabarani, boneti ikifunguka ukiwa mbioni, huoni mbele.

"Nitume pesa saa hii?"

Nikaigeuza, nikaupiga picha ufa, nikamtumia.

Hajajibu hadi leo. Deni lipo. Boneti imeegemea ukuta wa sebule; Mama huipangusa vumbi kila Jumapili.