Tawakali Chini ya Mlima

Ndugu zangu wa pwani, sisi tuliozaliwa tukiitazama bahari tuna elimu ya maji kuliko elimu ya milima. Nahodha akiona kusi imechafuka huacha kutweka tanga, na hapana mtu bandarini atakayemwambia kuwa imani yake ni ndogo. Lakini nimeishi Singida miaka kadhaa sasa, nami naona tukifika bara busara ile tunaiacha huko huko pamoja na majahazi.

Ukitoka Singida mjini kwa njia ya Babati na Arusha, utapita Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na asili yake ni volkano. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu yake iliporomoka. Matope, mawe na magogo yalishuka kwa kufuata makorongo, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wangali wamelala. Waliokufa walizidi 80. Wako waliodhani mlima umelipuka. Wataalamu wakaeleza kuwa mwamba laini ulinyonya maji, ukalemewa, ukakatika na kugeuka tope.

Wala si tope tu. Katika milima ya Uswisi theluji hukaa tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, theluji mpya, au uzito wa mtu mmoja tu, huweza kulivunja, na mtelemko mzima ukashuka. Aliyefukiwa aghalabu ana kama robo saa tu ya kuokolewa akiwa hai. Kwa hiyo wajuzi wa huko husikiliza kwanza tangazo la hatari, na wakilazimika kuukata mtelemko wa mashaka huvuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama, ili ukishuka usiwachukue wote.

Nabii Yaakub (a.s.) aliwausia wanawe waliokuwa wakirudi Misri wasiingie kwa mlango mmoja, bali kwa milango mbalimbali, na papo hapo akawaambia kuwa hawezi kuwakinga na lolote alilolihukumu Mwenyezi Mungu, na kwamba kwake Yeye ndiko alikotegemea. Habari hiyo imo katika Sura Yusuf. Hadhari na tawakali zilitoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja.

Mwezi wa Machi 2024 nilikuwa ndani ya basi kuelekea Arusha, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla ya Katesh dereva alisimama penye korongo. Maji mazito mekundu yalikuwa yakipita juu ya barabara. Akataka tungoje. Abiria wakapiga kelele, na mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Twende, dereva. Ajali haina kinga, na afaye kwa kufukiwa ni shahidi."

Ni kweli kwamba Hadithi sahihi inamtaja aliyeangukiwa na kifusi miongoni mwa mashahidi. Lakini hiyo ni rehema kwa aliyefikwa, si ruhusa kwa anayejipeleka. Nikamwambia, "Mzee wangu, Hadithi umeisema sawa. Lakini hawa watoto waliopakatwa, nani kawauliza?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tungoje."

Tulingoja karibu saa tatu. Wenyeji tuliokuwa nao wakanifundisha dalili: kijito kinachokauka ghafla na mvua ingali inanyesha, maji yanayogeuka rangi, nyufa mpya kwenye mtelemko, miti iliyoanza kuinama, mngurumo kama wa lori usiloliona. Ukisikia hayo, walisema, usikimbie kulifuata korongo kwenda chini. Panda pembeni, uliache.

Adhuhuri ilipoingia maji yalikuwa yamepungua hata kifundoni. Dereva akashuka na fimbo, akapima, akatuteremsha sote. Basi likavuka tupu, nasi tukafuata kwa miguu, mzee yule akiwa wa mwisho, viatu mkononi.