Waliokuja Wakakaa

Kijana akipangiwa kazi Kasekese, nduguze humuuliza kwanza ni lini ataomba uhamisho. Nimelisikia swali hilo likiulizwa walimu, waganga wa zahanati, hata watendaji. Mkoa wetu wa Katavi bado unasemwa kama mwisho wa nchi: pori la miombo, mbung'o, tembo na barabara isiyoisha. Mimi huwajibu vijana hao kwa kumtaja mtu aliyefika Karema, huko ziwani, mwaka 1889 na kuishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1956.

Adrien Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimnunua wakampa uhuru, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Watu wakimsifu hutaja Malta. Mimi fikra zangu hubaki kule jangwani, kwa mtoto aliyetembezwa mchangani akijua kuwa ana bei. Tena alipohitimu hakutumwa mahali penye amani. Alikuja Tanganyika wakati misafara ya pembe na watumwa ilikuwa bado inapita, akawatibu watu waliokuwa wakikimbia jambo lilelile lililompata yeye.

Karema aliyoikuta ilikuwa imekwisha kuachwa na wakubwa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga ngome pale kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold. Mwaka huohuo tembo walioletwa kutoka India walishushwa pwani yetu, ili ionekane kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo wakafa, na Carter aliyeongoza msafara wao akauawa Mpimbwe mwaka 1880. Ilipofika 1885 Wabelgiji wakawaachia wamisionari ngome yao, wakaenda zao. Fedha zile zote, bendera ile, bunduki zile, na baada ya miaka sita hakuna aliyebaki kumsalimu jirani.

Atiman akamwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende. Vitabu humpa mama huyu mstari mmoja tu, nami naona hapo tumedhulumu. Mganga aliyetoka mbali vile, asiyejua lugha wala mila, angeaminiwa vipi kumpasua mtoto wa mtu au kuunga mfupa uliovunjika? Ukweni ndiko kulikomdhamini. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema; Karema mgeni aliponya wenyeji kwelikweli, lakini wenyeji walikuwa wamemfanya mkwe kwanza. Mwana wao, Joseph, alikuwa padre, na leo Sumbawanga kuna hospitali inayoitwa kwa jina la baba yake.

Baada yao wamekuja wengi. Risasi ya Mpanda ilileta reli kutoka Kaliua. Machimbo yale yakafungwa, treni ikabaki na abiria. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalisukuma familia nyingi kuvuka mpaka, na zikafunguliwa makazi ya Katumba, kisha Mishamo, katikati ya msitu. Walifyeka, wakalima, wakazika wazee wao hapo. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo ya zamani, pamoja na ya Ulyankulu, walikuwa wanakabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Hesabu miaka: mtu aliyeingia Katumba amebebwa mgongoni alikuwa amekwisha kupata wajukuu. Wasukuma nao wameshuka na ng'ombe wao, na magomvi ya mashamba na malisho tunayajua. Siwezi kuyafunika kwa maneno matamu. Hata hivyo nikitazama ni nani waliolifanya pori hili kuwa mahali pa kuishi, siwaoni waliopita na ramani. Nawaona wenyeji waliokuwapo tangu zamani, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na wageni ambao hawakuwa na pa kurudi, wakaamua kuwa nyumbani ni hapa.

Simwambii mwalimu kijana akae miaka sitini na saba. Ana wazazi, ana mchumba, ana haki ya maji na mshahara unaofika kwa wakati. Lakini na sisi wa Kasekese tuna zamu yetu. Yule binti mgeni anayepanga chumba kimoja na kula peke yake, nani amemwalika kwenye harusi? Nani amempa kipande cha bustani ya mchicha? Nyumba za walimu tuzijenge kabla ya mvua, tuziezeke, na jioni atakapofika, mama mmoja ampelekee ugali moto na amuulize jina la kwao.