Kuacha Nyama, ao Kuacha Vyote?



Tunajua gisi mnatuita pale kwenye mstari wa kupokea chakula. "Bale ba majani." Hatukasiriki. Lakini kwa kuwa wengi wanatuuliza, na wengine wanafikiri ya kama tumeingia dini mpya, tumeona vema kueleza katika gazeti letu mambo yote gisi yalivyokuwa, pamoja na makosa yetu.

Tulikuwa wanane, wote wa interna. Jioni moja katika kikundi chetu cha Biblia tulisoma sura ya kwanza ya Danieli. Wale vijana wane walikataa chakula cha mfalme, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi, na kisha siku zile wakaonekana wazuri kuliko wenzao. Neno hili lilitushika sana. Mmoja wetu akasema: "Na siye tufanye hivi." Tukapeana mikono, tukaomba, tukaamua kuacha nyama mpaka mwisho wa masomo ya mwaka. Tulilala tukijisikia watu wakubwa.

Kesho yake mwenzetu mwenye kusaidia katika ugawaji wa chakula akaleta daftari yake. Tukahesabu wiki kumi na mbili zilizopita. Nyama tulikula mara tatu tu: siku ya kufungua masomo, siku ya wageni, na siku ya sikukuu. Siku zingine zote ni bugali na maharagwe, bugali na sombe, bugali na lengalenga; na mara mbili kwa wiki ndagala. Asubuhi uji. Maziwa hapana, mayai hapana.

Tulitazamana, tukacheka, kisha tukanyamaza. Kumbe tulimwahidi Mungu kitu ambacho hatuko nacho! Danieli alikataa meza iliyojaa. Sisi tulikataa sahani tupu.

Hapo ndipo ubishi ulianza. Wengine walisema: basi, tuache na ndagala, maana samaki naye ni mnyama, anakufa kama mbuzi. Wengine wakaongeza: tuache hata yai la nyumbani, maziwa, jibini ya Masisi, na asali. Tukagawanyika pande mbili, na mara zingine tulibishana mpaka taa ikazimwa.

Tulienda kutafuta katika vitabu, na tulikuta ya kama ubishi wetu ni wa zamani kuliko sisi. Huko Uingereza, mwaka 1847, watu wasiokula nyama walikutana katika mji wa Ramsgate, wakaunda chama. Hao wanaitwa wavejetariani. Hawali nyama wala samaki, lakini wengi wao wanakula mayai na kunywa maziwa. Karibu miaka mia moja nyuma, mwaka 1944, mtu mmoja jina lake Donald Watson na wenzake waliona hii haitoshi. Walisema ng'ombe wa maziwa naye anateswa, ndama wake anaondolewa ili watu wanywe. Wakaacha kila kitu kinachotoka kwa mnyama. Wakakata lile neno refu la Kiingereza, wakashika herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho, wakapata jina vegani. Hivi, mvejetariani anaacha kuua, na mvegani anaacha hata kukamua.

Upande wa wavegani kati yetu ulikuwa na nguvu. Walisema: katika mashamba makubwa ya kuku huko ng'ambo, vifaranga madume wa kuku wa mayai wanauawa siku wanayototolewa, kwa sababu hawatagi. Mwenye kula yai lile anashiriki. Walisema tena ya kama jibini zingine zinagandishwa na dawa inayotoka tumboni mwa ndama aliyechinjwa. Upande wa pili ulijibu: lakini kuku wa mama anatembea uani, jogoo naye anakua, na ng'ombe wa kwetu mara nyingi hakamuliwi mbele ndama hajanyonya. Mambo ya ng'ambo yasituhukumu huku. Kila upande ulikuwa na kitu cha kweli, na kila upande ulikuwa na kiburi.

Tukaenda kwa mwalimu wa biolojia. Hakutucheka. Alichukua chaki, akaandika mistari miwili ubaoni.

Wa kwanza: bugali ya mahindi na maharagwe vinasaidiana, maana kile kinachopunguka katika mahindi kiko katika maharagwe. Soya ni nzuri zaidi, lakini lazima ipikwe sana. Bugali ya muhogo peke yake ni ya kushibisha tu. Akatukumbusha ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kule Kwango katika inchi yetu. Watu walikula muhogo mkali ambao haukuloweshwa siku za kutosha, na hawakuwa na chakula kingine cha kuusaidia mwili kuondoa sumu ile. Miguu inakauka siku moja, na haiponi. Jina lenyewe, katika Kiyaka, ni kama kusema miguu iliyofungwa.

Mstari wa pili: vitamini B12. Iko katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Katika sombe haiko, katika maharagwe haiko. Mwili unaiweka akiba katika ini, na akiba ile inaweza kukaa miaka, kwa hiyo mtu anajisikia mzima na kusema, "Mnaona? Sina shida." Lakini ikiisha, damu inapunguka na mishipa ya fahamu inaharibika. Wavegani wa ng'ambo wanajua jambo hili, wanakula vidonge ao vyakula vilivyoongezwa vitamini ile. Mwalimu akatuuliza: "Ninyi mtanunua vidonge na feza gani? Na mama zenu watasema nini?"

Swali la feza tulilisikia. Swali la mama tulilisahau upesi.

Wakati wa likizo ya Pasaka, wane wetu walimsindikiza mwenzetu mmoja kwao. Mama yake ni mjane. Anafuga kuku, na mayai ya kuku hao njo feza za masomo ya mtoto wake. Tulifika jioni, tumechoka. Alitupokea kwa furaha, akatuonyesha maji ya kuoga. Tulipotoka kuoga, tulisikia harufu. Alikuwa amechinja kuku, kwa ajili yetu.

Tulikaa. Alileta chungu, akafunua. Mwenzetu akainamisha kichwa, akasema: "Mama, utusamehe. Siye hatukulake nyama." Mama hakuelewa. Akauliza kama tuko wagonjwa. Tukasema hapana, ni mambo ya kiroho. Akafunika chungu, akaenda jikoni, akarudi na mayai mawili ya kupika. Hapo mmoja wetu, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, akasema: "Hata yai, Mama." Tunaandika maneno haya na haya.

Mama alikaa chini. Hakukasirika. Alisema polepole:

"Batoto bangu, mwenye anaacha nyama ni ule mwenye iko nayo. Siye huku, nyama njo inatuacha."

Kisha akamwita binti yake mdogo, wa miaka sita hivi, akamweka mbele yetu. Akatuambia ya kama huyu, alipokuwa na miaka miwili, alishikwa na bwaki. Sisi sote wa Kivu tunajua bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hataki kucheza, hataki hata kulia. Waganga wanaiita kwashiorkor, neno la watu wa Ghana, ambalo daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Kwenye kituo cha afya walimwambia Mama ampe mtoto uji wa sosoma, na yai, na ndagala za kusaga. "Miezi miwili sikuuza hata yai moja," alisema. "Yote alikula huyu. Na kaka yake alikawia kuanza masomo mwaka ule, juu ya feza."

Mwenzetu alikuwa hajui. Mwaka ule alifikiri mama yake amemsahau. Alitoka nje, akakawia kule. Aliporudi, alivuta chungu karibu, akafunua, akagawa kuku yule sisi wote, mkono wake ukitetemeka. Tulikula. Mkali wetu naye alikula. Binti mdogo alipewa paja.

Tuliporudi huku, tulikutana tena wanane. Wengine waliuliza kama tumevunja ahadi yetu. Tulijiuliza sana. Tulisoma Warumi sura ya kumi na ine, pale Paulo anapokataza mwenye kula asimzarau asiyekula, na asiyekula asimhukumu mwenye kula. Tulisoma na Isaya sura ya hamsini na nane, ya kama kufunga kunakompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Tukaona kosa letu halikuwa kuacha nyama. Kosa letu lilikuwa kumwachia mama yule uzito wa utakatifu wetu. Sisi tuliacha, na yeye njo alilipa.

Hatukusema basi, tule tu kila kitu, mambo yaishe. Bado tunaona ya kama uhai wa mnyama si kitu cha mchezo, na ya kama mtu anaweza kuishi vema bila kuua, kama chakula kingine kiko. Lakini kuchagua ni kitu kimoja, na kukosa ni kitu kingine, hata kama sahani zinafanana. Mwenye kuchagua lazima ajue anaweka nini pahali pa kile anachoondoa. Mwenye kukosa, tusimpigie makofi wala tusimfundishe.

Basi, hivi ndivyo tulivyoamua. Watano wetu wanakaa wavejetariani: nyama hapana, ndagala hapana, lakini yai na maziwa wanakula wakipata. Wawili wanakula vyote kama mbele, na bado ni wapenzi wetu. Mmoja, yule mkali, anakaa mvegani, lakini alienda kuonana na munganga kwanza, na vidonge vyake ananunua na feza anazopata kwa kuwanyoa wenzake nywele siku ya posho. Hakuna anayemcheka. Yeye naye hacheki mtu.

Tuliweka na sheria tatu. Ya kwanza: ndagala zetu hazitupwi, zinaenda kwenye meza ya wadogo wa mwaka wa kwanza, maana wao wanakua bado. Ya pili: tulimwomba Bwana Prefe kipande cha shamba nyuma ya jiko, tukapanda soya. Imeota, karibuni mtazame. Ya tatu, na hii ni kubwa: kwenye meza ya mzazi hatupeleke sheria. Tunatuma habari mbele, na kama habari haikufika na chungu kimeisha kupikwa, tunakula tukimshukuru Mungu na aliyepika. Mvegani wetu alikubali sheria hii mbele ya wote.

Likizo iliyopita mwenzetu alimtumia mama yake habari mapema: "Mama, usichinje. Utupikie maharagwe yako na mafuta ya ngazi." Tulipofika, Mama alitucheka tangu mlangoni. Alisema mwaka huu kuku wamebaki wengi, na mayai ameuza vizuri, feza za masomo ziko tayari. Maharagwe yalikuwa chungu kizima. Juu ya sahani ya binti mdogo kulikuwa yai.

Ndugu na dada, kama mnataka kutuita watu wa majani, mtuite. Lakini ninyi mnaotaka kuingia katika njia hii, mbele ya kuuliza, "Niache nyama, ao niache vyote?", muulize kwanza nani anapika, nani anakosa, na kile mnachoacha kinaenda kwenye sahani ya nani.

Ni sisi wenzenu wanane wa interna.