Nguzo Imeshikwa, Haikuzama



Darasani tumesoma kwa Aristotle, katika Metafizikia, kwamba vitu hutofautiana hata kwa namna vinavyounganishwa: vingine hufungwa pamoja, vingine hugundishwa, vingine hupigiliwa misumari. Fundisho hilo tulilishika kwa mikono wakati wa likizo, tulipokwenda Nyakitonto, wilayani Kasulu, kusaidia ujenzi wa banda la ibada la kigango.

Nguzo 12 za mkaratusi zilitolewa na mzee mmoja wa jumuiya. Ilikuwa mara yake ya pili kutoa. Zile za kwanza zilichimbiwa ardhini na kumwagiwa zege kuzunguka shina, kama wengi tunavyofanya vijijini, na baada ya miaka michache uozo na mchwa vikazimaliza. Alituambia, "Mafrateri wangu, miti hii niliipanda nikiwa na nguvu. Mingine sitapanda."

Fundi alitueleza sababu. Mti hunywa maji zaidi kwenye ncha iliyokatwa, kwa kuwa mishipa yake iko wazi pale. Zege nalo, hata likiwa gumu, hupandisha unyevu kutoka ardhini. Tena mti ukikauka husinyaa na kuacha upenyo kati yake na zege. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo kama kikombeni, na mchwa hupita bila kuonekana.

Safari hii kila nguzo ilipata kitako cha zege kilichotokeza sentimita 20 juu ya ardhi, uso wake ukiwa umeinama kidogo ili maji yatiririke. Zege likiwa bado bichi, tulizamisha ndani yake mabamba mawili ya chuma yanayotazamana. Kati yao kilikuwa kimechomelewa kipande cha tatu, sentimita 3 juu ya zege, cha kubebea nguzo. Tulimwagilia kitako kwa siku 7. Kisha tukachonga pande mbili za nguzo ziwe bapa, tukaisimamisha kati ya mabamba, tukainyoosha kwa timazi, tukatoboa na kukaza boliti mbili. Boliti hizo hazikai kwenye mstari mmoja, mti usije ukapasuka.

Wapo walionung'unika kwamba fedha za vyuma zingenunua rangi. Mama mmoja akauliza, "Nguzo isiyogusa zege, upepo si utaing'oa?" Fundi akamjibu, "Mama, upepo ukiingia chini ya bati husukuma paa juu. Hapa utalazimika kuinua na kitako chote cha zege, kwa sababu boliti imevishika pamoja." Yule mama akaenda kukagua boliti moja moja, akakuta moja imelegea, ikakazwa.

Jioni tulizungumza sana juu ya kazi ile. Frateri anaweza kuishi kati ya watu bila kufungwa nao kwa lolote, na upepo wa kwanza ukamwondoa. Anaweza pia kuzama katika makundi na ugomvi wao mpaka akaoza pamoja nao, asiweze tena kumsaidia yeyote. Hata mume na mke, hata wanajumuiya, wanahitaji kiungo kinachoshika na kuacha hewa ipite. Nafasi ile ya sentimita 3 haikuwa dalili ya kutopendana kwa mti na zege. Ndiyo inayoufanya mti udumu.

Mzee alipitisha vidole vyake chini ya nguzo, upande hadi upande. Akasema, "Sasa mchwa akipanda nitamwona." Hakusema kwamba mchwa hatakuja.

Basi, wapendwa, kabla ya mvua kuanza, zikagueni nguzo za vigango vyenu pale chini kabisa, mahali mti unapokutana na zege. Chomeni kwa ncha ya kisu. Kikizama kwa urahisi, msisubiri Jumapili nyingine watu wakae chini ya paa hilo. Tuzidi kuombeana.