Mtoto wa Panga ya Saidi: Kaburi la miaka 78,000 linalozungumza na wazazi wa leo

KILIFI. Takriban kilomita 15 kutoka baharini, kwenye vilima vya Dzitsoni katika Kaunti ya Kilifi, upo msitu mdogo uliofunika miamba ya chokaa. Chini yake kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi, yaani pango la Saidi. Sehemu ya paa ilishabomoka, hivyo mwanga wa jua hupenya ndani na mizizi ya miti huning'inia hadi chini. Hadi leo wenyeji hufika hapo kwa maombi na matambiko.

Sakafu ya pango hilo ni ya udongo, na ndani ya udongo huo ndimo alimopatikana mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndiyo maziko ya zamani zaidi ya binadamu wa sasa yanayojulikana barani Afrika.

Kazi ya kuchimbua ilianza mwaka 2010, ikiwashirikisha wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Wanaakiolojia hawachimbi kama mtu anayetafuta maji. Huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, wakauchekecha na kuandika kila kitu kilikuwa wapi na kwa kina gani. Kadiri wanavyoshuka ndivyo wanavyorudi nyuma katika wakati.

Matabaka ya Panga ya Saidi yalitoa vifaa vya mawe, mifupa ya wanyama na shanga, zikiwamo za magamba ya mayai ya mbuni. Ushanga wa zamani zaidi, wa kombe la baharini, una takriban miaka 65,000. Watu waliishi hapo, wakala na kujipamba.

Mwaka 2013, dalili za kwanza za shimo dogo zilionekana. Ilipofika 2017, shimo lote lilikuwa limefunuliwa, karibu mita tatu chini ya sakafu ya sasa. Ndani yake kulikuwa na mifupa laini mno, ambayo ilielekea kugeuka unga kila ilipoguswa.

Wachimbuaji hawakuing'oa. Walifunika bonge zima la udongo kwa plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika, wakalisafirisha hadi Nairobi. Meno mawili yalipoonekana juu ya bonge hilo, ilianza kueleweka kwamba huenda huyo ni binadamu. Bonge likapelekwa kituo cha utafiti cha Burgos, Hispania, ambako timu ya Profesa María Martinón-Torres ililisafisha kwa miezi mingi na kulipiga picha za eksirei zinazoonyesha kilichomo ndani bila kukivunja.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Dkt Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Watafiti walimpa marehemu jina la Kiswahili: Mtoto.

Umri ulijulikana kwa meno

Mtoto alikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Meno ndiyo yaliyosema. Karibu na umri huo, meno yote 20 ya utotoni huwa yameshatoka au yanamalizia kutoka, huku ya ukubwani yakiendelea kujengeka ndani ya taya kwa mpangilio unaojulikana. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo akimchungulia kinywani ataona hatua ileile aliyokuwa amefikia Mtoto. Ni umri wa kukimbia, kuuliza maswali na kung'ang'ania nguo ya mama.

Miaka ya kaburi ilipimwa kupitia mchanga. Chembe za mchanga hutunza alama ya mara ya mwisho zilipopigwa na jua, na vipimo vya maabara vinaweza kuisoma.

Mifupa haikueleza Mtoto alikufa kwa nini. Ilichoeleza ni jinsi alivyolazwa.

Mto na sanda

Shimo lilichimbwa kwa makusudi, na udongo uliomfunika ulikuwa tofauti na ule uliolizunguka. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mfupa wa bega na mbavu za juu zilikuwa zimejipinda kwa namna inayoonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu kilichooza baadaye, pengine majani au ngozi. Nacho kichwa kilikuwa kimeinama, kana kwamba kilikuwa juu ya mto ambao nao ulioza.

Walimzika palepale walipokuwa wakiishi.

Msomaji wa Pwani atakumbuka kwamba Waislamu nao humlaza maiti ubavu wa kulia ndani ya sanda. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, kwani yametenganishwa na makumi ya maelfu ya miaka. Ila mikono iliyomfunga Mtoto na kumwekea mto, mzazi yeyote aliyewahi kuzika anaielewa.

Hayuko peke yake. Katika pango la Border Cave, Afrika Kusini, alipatikana mtoto mchanga aliyezikwa miaka takriban 74,000 iliyopita pamoja na kombe lililotobolewa.

Msiba wa mtoto mdogo si mdogo

Mara nyingi mzazi aliyefiwa na mtoto mdogo huambiwa, "Usilie sana, Mungu atakupa mwingine." Nia huwa njema, lakini maneno hayo humnyima nafasi ya kuomboleza. Kaburi la Kilifi linaonyesha kwamba tangu kale kifo cha mtoto wa miaka mitatu kilistahili kazi, muda na heshima.

Aliyefiwa aachwe alie, na jina la mtoto litajwe. Ndugu zake wadogo waambiwe wazi kwamba amekufa, badala ya kuambiwa "amelala", maana wengine huanza kuogopa usingizi. Na mzazi akipitisha wiki nyingi bila kulala, kula au kumudu shughuli za kila siku, apelekwe kituo cha afya.

Kwa familia zinazopenda kuzuru

Panga ya Saidi ni mahali patakatifu kwa wenyeji, kwa hiyo heshima na ruhusa hutangulia. Walio na watoto wadogo wanaweza kuanza na Fort Jesus mjini Mombasa, au magofu ya Gede karibu na Watamu, penye kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399.

Popote watakapokwenda, watoto wafundishwe kutookota kitu, hata kigae. Mto wa Mtoto ulioza zamani sana, na ulijulikana tu kwa sababu mifupa ya shingo ilikutwa ilipoachwa. Mtu mmoja angeiokota kama kumbukumbu ya safari, hakuna ambaye angejua kwamba aliwekewa mto.