Nilifuata mabibo Newala, nikapewa jembe

Mimi ni mtoto wa Dar. Korosho nilizozijua ni zile za kifuko, unauziwa dirishani foleni ikikaza. Desemba iliyopita mama akanituma Newala kumwangalia bibi, miguu inamsumbua. Nikasema poa, nitakula mabibo, nipige picha Shimo la Mungu, nirudi zangu mjini.

Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, na tulipoiacha Lindi ikawa ni mikorosho kushoto, mikorosho kulia. Newala tuliingia usiku. Kule juu kuna kibaridi, na mimi na kifulana changu cha kubana!

"Marahaba mume wangu, mbona umekonda? Mjini hamli?" Huyo ndiyo bibi.

Asubuhi nikajua kuna ugomvi. Mikorosho 18 ya marehemu babu imesongamana mpaka matawi yamefumana, na mjomba anataka ikatwe yote iwe mkaa. Bibi hataki hata kusikia. Babu aliipanda baada ya kuhamishiwa kijijini miaka ya 1970, shamba lake la kwanza akaliacha porini likiwa linazaa. Hakuwa peke yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Kuhamishwa kule ni sababu mojawapo. Nyingine ni ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga unaokausha maua. Dawa yake salfa, inapigwa alfajiri umande ukiwa bado majani, kabla upepo haujaamka.

"Mjomba," nikamwambia, "si tupunguze tu?" Akaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea. Lakini akakubali, maana mkorosho unataka mita 12 toka kwa mwenzie, na babu alipanda kwa sita. Ukibana, jua na upepo havipiti, ubwiriunga unajidai. Tukaangusha saba. Siku nzima bibi alijifungia ndani, hata chai hakunywa. Jioni akatoka na kopo la mbegu.

"Sasa mume wangu, panda."

Tulizitia kwenye ndoo ya maji, zilizoelea tukatupa. Mimi kwa ujuaji wangu nikachimba shimo la kwanza karibu na dirisha la bibi, apate kivuli. Mjomba kacheka mpaka kakaa chini. "Huu ukikua si utalala naye chumbani?" Nikahama. Shimo futi mbili, udongo wa juu unachanganywa na samadi, mbegu tatu tatu, ule upande ulioshika bibo ukitazama juu. Zikiota unabakiza wenye afya. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na huo ndio wakati wake.

Halafu, jamani, msije mkabanja korosho mbichi kwa meno. Mafuta ya ganda yalinibabua midomo, nikarudi Dar mdomo kama nimepigana.

Mti wa mbegu utaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Bibi ana miaka 81. Juzi kanipigia: miwili imeota, mmoja kala mbuzi.

"Unakuja lini kupalilia?"

Nimemwambia Juni, niiwahi na salfa. Nauli ndiyo naitafuta.